Mjomba ana chuma kichwani, karatasi haisemi chuma gani

Jumatano, saa tano usiku. Nimetoka vimbwetani sasa hivi. Nilikwenda kujisomea saikolojia ya elimu, manake Ijumaa kuna test, lakini nimekaa saa mbili nzima naangalia ukurasa ule ule. Wadau wa hapa mnajua mimi huwa naandika kuhusu boom kuchelewa, foleni ya kantini na wahadhiri wenye notsi zilizogeuka rangi ya chai. Leo mtanivumilia. Leo naandika kuhusu kichwa cha mjomba wangu, na nisipoandika nitapasuka mimi.

Mjomba katoka Nalasi. Kwa wasioijua, Nalasi iko Tunduru, mkoa wa Ruvuma, kusini kabisa. Ukiendelea unaukuta mto Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Hapa chuoni nikisema natoka Ruvuma kila mtu ananiuliza habari za Songea mjini, kama vile mkoa mzima ni stendi ya Songea. Jamani, Songea kwetu nako ni safari!

Mwaka juzi, msimu wa korosho, mjomba alianguka shambani. Anasimulia mwenyewe kwamba ilikuwa kama mtu kamvizia nyuma akampiga rungu kisogoni. Akatapika, shingo ikakaza, macho hayataki mwanga. Nyumbani wakasema ni jini, wakasoma, wakafukiza, siku mbili zikapita. Siwacheki, manake hata mimi ningekuwepo nisingejua. Baadaye ndipo akapelekwa Tunduru, kutoka Tunduru akapelekwa mbele, na mwishowe akafikia hospitali moja kubwa ambayo sitaitaja, na naomba msinibahatishie kwenye maoni. Kule wakakuta mshipa wa damu wa kichwani umevimba na kupasuka. Wakamfungua fuvu, wakambana ule uvimbe kwa kibanio, wakamfunga. Mjomba akaamka, akawa anakula, anatembea, anatania. Katika watu wanaopasukiwa na mshipa wa namna hiyo, theluthi moja au zaidi hawaumalizi mwezi. Kwa hiyo waliomfanyia upasuaji mimi nawapigia magoti, na hilo lieleweke kabla sijaanza kusema.

Sasa nianze.

Mjomba aliambiwa arudi baada ya mwaka mmoja kupimwa. Karudi. Katoka Nalasi kwa bodaboda hadi Tunduru mjini, akapanda basi la kupitia Masasi na Lindi, akashuka Mbagala na kigunia cha korosho za zawadi. Jumatatu nikamsindikiza kwenye kipimo cha MRI. Nimeacha vipindi viwili, na kimoja kina karatasi ya mahudhurio. Tumefika dirishani, dada wa mionzi akamuuliza, "Mzee, una chuma chochote mwilini?" Mjomba akajibu kwa majivuno kabisa, "Ninacho. Kichwani."

Dada akaomba karatasi ya kuruhusiwa kutoka wodini. Mjomba akaitoa kwenye mfuko wa nailoni, imekunjwa mara nne, imetunzwa kuliko hati ya shamba. Ina mistari michache ya Kiingereza: kafanyiwa upasuaji wa kichwa, kaendelea vizuri, arudi baada ya mwaka mmoja na picha ya MRI ya mishipa. Basi. Kibanio ni cha madini gani, haisemi. Ni vingapi, haisemi. Vimebana mshipa upi, haisemi. Uvimbe ulizibwa wote au kuna kipande kilibaki, kimya.

Dada akarudisha karatasi. "Siwezi kumwingiza. Leteni taarifa ya upasuaji inayoonyesha aina ya klipu."

Nikawaka. Nikamwambia mtu katembea siku mbili, nikamwambia mambo mengine ambayo mwalimu mtarajiwa hapaswi kuyasema dirishani. Mjomba ndiye aliyenishika mkono: "Mwalimu, taratibu." (Ananiita mwalimu tangu nilipochaguliwa kozi ya elimu. Mwaka wa kwanza nilikuwa naona aibu, sasa nimezoea.)

Usiku ule nikakaa na simu nikasoma. Na leo natangaza hapa hadharani kwamba yule dada alikuwa sahihi na mimi nilikuwa mjinga. MRI ni sumaku, tena sumaku yenye nguvu ya kutisha, na haizimwi kama feni. Vibanio vya zamani vingine vilitengenezwa kwa chuma kinachovutwa na sumaku. Mwaka 1993 jarida la Radiology la Marekani lilichapisha kisa cha mgonjwa aliyeingizwa kwenye MRI akiwa na kibanio cha aina hiyo kichwani. Kibanio kikasogea, mshipa ukachanika, mgonjwa akafa. Vibanio vya kisasa vingi ni vya titani na havina shida hiyo, lakini kwa kumtazama mtu usoni utajuaje alichonacho? Kwa hiyo ukikosa karatasi, mtu makini anakataa.

Hapo hasira yangu ikahama dirishani ikaenda kwa aliyeandika ile karatasi. Na kwa desturi nzima iliyomfanya aone kwamba inatosha.

Hebu nieleze kwanza ugonjwa wenyewe, manake nimegundua hata humu chuoni watu wengi hawaujui. Madaktari wanauita anyurizimu. Mmeshaona tyubu ya baiskeli iliyochoka? Mahali pamoja panalegea, panatokeza kivimbe kama kizibo, na kila ukijaza upepo kinazidi kuwa chembamba. Mshipa wa ubongo nao hufanya hivyo hivyo, hasa pale unapogawanyika njia panda. Presha ya juu na sigara vinauharakisha. Wengi wanaishi nacho hadi wanakufa kwa mambo mengine bila kujua, lakini kikipasuka damu inamwagika kuuzunguka ubongo, na ndiyo rungu la mjomba.

Kuna njia kuu mbili za kukiziba. Moja ni ya mjomba: unafungua fuvu, unabana shingo ya kile kivimbe kwa kibanio kidogo mfano wa kibanio cha nguo kwenye kamba, damu haiingii tena. Walter Dandy alifanya hivyo kule Baltimore mwaka 1937. Ya pili haifungui fuvu. Unaingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja, unaupandisha mpaka kichwani, unakijaza kile kivimbe nyaya laini za platinamu mpaka damu igande ndani yake. Hiyo ilitokana na kazi ya Mtaliano Guido Guglielmi, aliyeichapisha mwaka 1991. Mwaka 2002 utafiti mkubwa uitwao ISAT, wenye wagonjwa 2,143, ulionyesha kwamba kwa wagonjwa waliofaa njia zote mbili, waliofariki au kubaki tegemezi baada ya mwaka mmoja walikuwa asilimia 23.7 kwa nyaya na asilimia 30.6 kwa kibanio. Tangu hapo nyaya zikashika kasi duniani. Na kwetu hazipo mbali tena, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ambayo licha ya jina lake inapasua na vichwa, ina chumba cha kutibia mishipa ya ubongo kwa kupitia mrija. Zamani kwa jambo kama hilo ulikuwa unaambiwa India.

Lakini nyaya zina tabia moja. Damu inazisukuma kila sekunde, zinashindiliwa kama pamba kwenye mto wa kulalia, na pale shingoni panafunguka upya. Hutokea kwa karibu mgonjwa mmoja kati ya watano, ingawa si wote wanaohitaji kutibiwa tena. Kibanio kilichokaa vizuri ni kigumu zaidi kuhama, ila kikiacha kipande cha shingo nje, kipande kile kinaweza kukua. Na mtu aliyewahi kuota kivimbe kimoja anaweza kuota kingine kwenye mshipa mwingine miaka inayofuata. Ndiyo sababu ya kurudi kupimwa. Huko si kumtafutia mtu ugonjwa.

Nimesema hivyo kwa sababu nimepigwa na hoja hiyo kutoka pande mbili wiki hii. Upande wa kwanza ni wa nyumbani. Mama mdogo kapiga simu: "Kaka kapona, anapalilia, anapanda baiskeli, mnampeleka kwenye mashine za nini? Mtamchokonoa mpaka kiamke." Mama mdogo nampenda, lakini neno "kapona" ndilo linalotuua. Sisi kitivo cha elimu tunakaririshwa tathmini endelevu mpaka tunaiota. Mwalimu anayefundisha mada akafunga kitabu bila kusahihisha daftari hata moja, halafu anaandika "wanafunzi wameelewa", huyo mkaguzi akimkuta anamwekea alama nyekundu. Basi mjomba ni daftari halijasahihishwa. Kupalilia hakuonyeshi kitu. Hata kile kivimbe cha kwanza kilikuwepo huku anapalilia.

Na kuhusu kuchokonoa, mama mdogo ana haki ya kuogopa, kwa sababu kipimo cha zamani kweli kilikuwa kinachokonoa. Mwaka 1927 kule Lisbon, daktari Mreno Egas Moniz alifaulu kuipiga picha mishipa ya ubongo kwa kudunga dawa moja kwa moja kwenye mshipa wa shingo na kupiga eksirei. Ajabu nyingine ya dunia ni kwamba wakati huo huo Wareno walikuwa wanatawala ng'ambo ya mto wetu, na wangeendelea mpaka 1975, na sidhani kama kuna mtu wa kule kijijini aliyeonja faida ya uvumbuzi huo. Siku hizi hawadungi shingo, wanapitisha mrija pajani au mkononi, ni salama kuliko zamani. Ila bado ni mrija ndani ya mishipa ya mtu. Bado kuna hatari ya kiharusi, ndogo, chini ya mmoja kwa mia, lakini ipo. Unahitaji chumba maalum, daktari maalum, kitanda cha kupumzikia. Katika nchi yetu, vyumba hivyo unavihesabu kwa vidole.

Sasa kuna vipimo visivyoingiza mrija, na hapa ndipo ninapotaka mnisome polepole. Kuna CT ya mishipa: wanakudunga sindano ya kawaida mkononi yenye dawa inayofanya mishipa ing'ae, unapita kwenye lile duara, dakika chache umemaliza. Kabla yake wanaangalia figo zako, manake ile dawa figo ndizo zinazoitoa. Halafu kuna MRI ya mishipa, ambayo kwa njia yake moja haihitaji hata dawa, inasoma damu inavyotembea. Vyote viwili unaingia na kutoka kwa miguu yako, unakula chakula cha mchana nyumbani.

Ila huwezi kuchukua chochote tu. Platinamu kwenye CT inawaka kama jua kwenye kioo cha gari, michirizi inafunika kila kitu, kwa hiyo mwenye nyaya anafaa MRI. Mwenye kibanio kimoja cha titani, mara nyingi CT ya mishipa inamtosha kabisa, wakati kwenye MRI kibanio kinaacha doa jeusi mahali pale pale unapotaka kutazama. Mnaona ujinga wa ile karatasi unapofika? Haikusahau tu kutaja aina ya kibanio. Ilimwagiza mtu wa kibanio kipimo ambacho kwa kawaida kinamfaa zaidi mtu wa nyaya. Nina wasiwasi kwamba ni sentensi moja inayonakiliwa kwa kila mgonjwa, kama sisi tunavyonakili andalio la somo la mwenzetu tukiwa BTP. Najua dalili zake, nami nimenakili.

Upande wa pili wa hoja umetoka kwa rafiki yangu anayesoma udaktari. Jana tumebishana mpaka mlinzi kaja. Yeye anasema kipimo cha kweli ni cha mrija, hivyo vingine ni kujifariji, kwa hiyo ama mgonjwa aje mjini apimwe kipimo cha kweli ama tukubali kwamba sisi ni nchi maskini na ufuatiliaji ni anasa ya Wazungu. Nimemwambia na namrudia hapa: hiyo hoja inaonekana ya kisomi lakini ni uvivu uliovaa koti jeupe. Ni kweli mrija ndio unaoona kivimbe kidogo kuliko vyote, na picha ya CT ikileta mashaka, hapo ndipo umpeleke mtu kwenye mrija, hata mimi nitamkokota. Lakini hakuna anayeanza kwa kumchinja ng'ombe ili ajue kama ana mimba. Kwa mzee aliyebanwa vizuri, hatari ya kile kivimbe kurudi ni ndogo, hivyo kipimo chake nacho kiwe na hatari ndogo na gharama ndogo, kiwe karibu. Kama kipimo kizuri kuliko vyote kiko mbali kiasi kwamba mtu haendi, basi kwa mtu huyo kipimo hicho hakipo. Mjomba kaja kwa sababu korosho zililipa na kwa sababu ana mpwa mjini. Waliolazwa naye wodi ile ile wasio na mpwa, je?

Na umaskini usitajwe kirahisi hivyo. Mwaka 2021 nchi ilichukua mkopo wa IMF wa shilingi trilioni 1.3 kwa ajili ya UVIKO-19, na sehemu ya fedha ile ilinunua mashine za CT kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Nchi ambayo mtu wa mkoani ilikuwa lazima aende jiji kubwa ili aone CT, leo ina CT mikoani. Hilo ni jambo kubwa na sioni watu wakilisema inavyostahili. Lakini CT kuwepo ukumbini bado haijawa CT ya mishipa. Inataka pampu ya kusukuma dawa kwa kasi inayotakiwa, inataka mtu aliyefundishwa kupiga picha sekunde ile damu inapopita, halafu inataka jicho la bingwa wa kuisoma. Jicho hilo ndilo haba. Sasa jamani, picha ya CT siku hizi ni faili. Sisi hapa tunatumiana muvi nzima kabla ubwabwa haujaiva! Faili la kichwa cha mjomba linaweza kuondoka Songea na kufika kwa bingwa kabla mjomba hajavaa viatu. Anayepaswa kusafiri ni faili, na mzee wa Nalasi asafiri akiitwa kwa sababu.

Nitaongeza na la bima, manake ndilo lililomuuma mjomba kuliko kichwa. Kadi aliyokuwa nayo alipougua ilikuwa ya CHF iliyoboreshwa, ile ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Mwisho wa kadi ile ulikuwa hospitali ya rufaa ya mkoa. Yaani ukimwandikia mtu wa namna hiyo kipimo cha jijini pasipo ulazima, umemvua kofia ya bima mvua ikiwa inanyesha. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na mimi naisubiri kwa hamu kama boom. Lakini sheria haitasaidia kama mkono unaoandika rufaa haujiulizi mgonjwa anatoka wapi.

Tuache pesa. Kuna jambo ambalo halihitaji mkopo wa mtu yeyote, nalo ni wino. Mistari minne. Kibanio cha aina gani, vingapi, mshipa upi, kimeziba chote au kuna kilichobaki. Mstari wa tano: apimwe kipimo gani, lini, na kwa nini. Wa sita uwe wa presha, manake mjomba mwaka mzima hakuna aliyemwambia kwamba presha yake ndiyo adui wa mishipa yake, wala kwamba ile sigara anayovuta jioni chini ya mwembe inahusika. Alidhani sigara ni habari ya mapafu! Na iandikwe kwa Kiswahili, halafu chini yake waweke Kiingereza chao kwa ajili ya daktari mwenzao. Mgonjwa kabeba ujumbe wa maisha yake mwenyewe kwa lugha asiyoisoma, mfukoni, kilomita mamia, kama tarishi wa mkoloni. Mwalimu wa kidato cha kwanza anatakiwa awe na azimio la kazi la muhula mzima, linakaguliwa na kugongwa muhuri. Mtu aliyefunguliwa fuvu hana azimio la kazi hata la mwaka.

Najua madaktari wanaonisoma watasema wodi imejaa, watu wachache, usiku kucha wako chumba cha upasuaji. Naamini. Nimeona kwa macho. Lakini mtu aliyekaa saa kadhaa akihangaika na kibanio kile chini ya hadubini anajua jina lake, na kwenye faili huwa kuna stika ya kiwanda inayotaja kila kitu. Kuihamisha kwenye karatasi ya mgonjwa ni dakika moja. Mimi kuikosa dakika hiyo kumenigharimu siku tatu.

Ndiyo, siku tatu. Jumatatu mchana tulikwenda kuomba taarifa ya upasuaji, tukaambiwa faili liko chumba kingine. Jana tukaambiwa mwenye ufunguo yuko kwenye semina. Leo asubuhi sista mmoja mtu mzima, sijui hata jina lake, kamtazama mjomba amekaa benchi na kofia yake mapajani, akaingia mwenyewe ndani, akatoka na faili. Stika ipo. Titani. Kimoja. Nikaipiga picha kwa simu mara nne.

Daktari wa kliniki, kijana tu, huenda ananizidi miaka saba, kaisoma, akacheka kidogo, akasema, "Huyu mbona hakuhitaji MRI. CT ya mishipa inamtosha." Akaandika. Wakapima figo, figo nzima. Saa tisa mjomba kapita kwenye duara. Saa kumi na moja tumeitwa: kibanio kiko mahali pake, shingo imeziba, hakuna kivimbe kipya kinachoonekana. Arudie baada ya miaka michache. Mjomba akauliza swali ambalo mimi mwenye digrii ya mdomoni sikulifikiria: "Daktari, nikirudi safari hiyo, kipimo hiki siwezi kupimiwa Songea?" Daktari akanyamaza, akasema wakiwa na pampu na mtu wa kuipiga inawezekana, hata hii ingewezekana, apige simu kwanza aulize. Akaandika na hilo, kwa mkono wake, kwa Kiswahili. Mungu ambariki.

Kwa hiyo mjomba kasafiri siku mbili, kakaa Mbagala siku nne, karibu aingizwe kwenye sumaku bila mtu kujua ana nini kichwani, kwa kipimo ambacho hakikuwa chake. Na majibu ni mazuri, na nimefurahi mpaka nimelia kwenye daladala, na bado nina hasira. Vyote vinakaa pamoja, nimegundua.

Jioni nimeandika kadi. Upande mmoja Kiswahili, upande wa pili Kiingereza, nimenakili stika neno kwa neno: jina la kibanio, namba yake, titani, kimoja, mshipa wa kulia, tarehe ya upasuaji, tarehe ya CT ya leo na majibu yake, kipimo kijacho, presha isizidi kiasi alichoambiwa. Nimeipeleka stationery ya hapa getini kupigwa lamination. Kijana wa pale kaigeuza geuza, akaniuliza hiki kitambulisho ni cha nini. Nikamwambia ni cha kichwa.

Mjomba anaondoka kesho alfajiri na basi la Tunduru. Kaomba zipigwe mbili, moja ya mfukoni na nyingine atamwachia bibi aifungie kwenye kanga.